Viroboto wa Halfani

Ndani ya treni ya Mdachi iendayo Dodoma, Halfani alijifanya amesinzia ili awasikilize jirani zake wawili wasiojuana, mzee wa Kigogo na mama aliyepakata kuku. "Viroboto dawa yao ni kumfukuza mbwa, kisha unamwaga majivu nyumba nzima ya tembe," alisema mzee. Mama akaguna. "Ukimfukuza mbwa, babu, watamla nani? Watakurudia wewe."

Halfani akajikuna kimyakimya. Mbwa wake alimfukuza Jumatatu, kwa werevu wake mwenyewe, na leo alikuwa akiihama nyumba.

Mara mzee akajikuna shingo, mama naye mgongo. "Umepanda nao wewe, babu." "Mimi? Mtazame kwanza kuku wako."

Treni ikasimama, wakashuka wakibishana vilevile. Halfani akasubiri watokomee, ndipo akaikunja taratibu ngozi ya mbuzi aliyokuwa ameikalia, ileile aliyotoka nayo kitandani.