Mzee Kivuli na Tuta Lake

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka Mzee Kivuli, mkulima, mwenye lile bwawa dogo la udongo lililomwagilia mashamba yake na ya majirani. Bwawa lilikuwa lake mwenyewe. Alilichimba akiwa kijana, na tuta lake akalishindilia kwa kwato za ng'ombe wake.

Jina la Kivuli alibandikwa na dada yake. Mzee alipanda miti juu ya tuta, akiamini mizizi itashika udongo, na mchana ungemkuta chini ya miti hiyo, kofia usoni. "Kaka yangu mchapakazi," dada alikuwa akimtania, "hata kulala analala kwa bidii."

Miti juu ya tuta, wasikilizaji. Mkaguzi wa mabwawa alipopita alimwambia miti ile ni hatari. Asiikate mwenyewe, aite mafundi, waing'oe na mizizi yake na kushindilia udongo upya. Mzee akasikia nusu. Aliikata peke yake, visiki akaviacha, akajiona kamaliza kazi. Mizizi ikaozea ndani, ikaacha vinjia, na maji yakaanza kupita humo.

Chini ya tuta, nyuma ya nyumba ya dada, pakaanza kulowa. Maji safi kabisa. Mnadhani walishtuka? Walifurahi! Dada akapanda mboga pale pale. "Kaka kanivutia maji bure," akawaringia majirani, na Mzee akacheka nao.

Asubuhi moja ya mvua, maji yale yakatoka na tope. Tope, wasikilizaji: tuta lilikuwa likiliwa kwa ndani. Mzee alielewa papo hapo, na inauma kusema kwamba kuelewa hakukumsaidia kitu. Alifungua yote koki ya kutolea maji ya bwawa, bwawa halikushuka. Alimwaga udongo kwenye tundu lililokuwa likitoa tope. Ukaenda na maji. Akamtoa mbio dada yake na majirani wote wa bondeni, wakakimbilia kilimani na nguo za mwilini tu. Kisha akarudi kwenye tuta na magunia, mkewe nyuma yake.

Tuta lilikatika Mzee akiwa juu yake. Nyumba ya dada ilikwenda. Mwingine hakufa hata mmoja.

Tunawapa pole mke, dada na jamaa wote. Nawe mwenye bwawa unayetusikiliza, leo nenda kaliangalie tuta lako, uwaite wanaojua. Tunawaachia maneno ya mkewe.

"Watu wananiuliza, mbona hukumwambia atoke? Nilimwambia. Akasema, 'Mama, ile ni nyumba ya dada.' Basi nikamshikia gunia, akajaza. Mara akanituma kwa watu kule juu, nikaombe koleo jingine. Watu wametoka na nguo za mwilini, koleo watalitoa wapi? Yeye alijua. Mimi nimekuja kujua nikiwa nimeshafika juu."