Fungua, Funga: Miaka Ishirini na Saba ya Mama Cresensia

Karatu, 30 Juni 2009
Kwa Mama Cresensia Bura

Leo Mama Cresensia Bura anazima kompyuta yake kwa mara ya mwisho, baada ya kulitumikia shirika letu la mafunzo ya mifugo kwa miaka ishirini na saba. Aliajiriwa Machi 1982 akiwa mpiga chapa. Anastaafu akiwa mwandaaji mkuu wa maswali ya kozi za mtandaoni, na hakuna mtu humu ofisini ambaye hajasahihishwa naye.

Waliomkuta wakati ule wanakumbuka mlio wa taipureta yake kuliko sura yake, kwa kuwa alikaa nyuma ya rundo la karatasi. Lami ilikuwa bado haijafika Karatu, na vumbi jekundu liliingia hadi kwenye bahasha zilizofungwa. Kompyuta zilipoletwa mwaka 2001, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuifumia yake kitambaa cheupe chenye maua pembeni. La pili lilikuwa kumuuliza fundi kama mashine hiyo inakunywa chai, maana ya kwake ingepata.

Mwaka uliofuata kozi zikaanza kuwekwa mtandaoni, naye akapewa kazi ya kuyapamba maswali kwa alama. Kompyuta haijui neno lipi ni zito mpaka iambiwe. Ukitaka neno lionekane kwa herufi nzito unatanguliza <b>, na likiisha unaweka </b>. Tarakimu inayopaswa kupanda juu ya mwenzake nayo ina alama zake mbili, ya kufungua na ya kufunga. Mwanafunzi hazioni alama hizo. Anachoona ni matokeo yake tu.

Wiki ya kwanza Mama alisahau kufunga alama moja, na maswali hamsini yote yakatoka kwa herufi nzito. Mwanafunzi mmoja wa Endulen aliandika kwa adabu akiuliza wamekosa nini hata chuo kiwafokee hivyo. Mwenzake akaongeza kwamba kwao anayefungua lango la boma ndiye anayelifunga, la sivyo fisi hatasubiri kukaribishwa. Mama alicheka hadi akavua miwani. Tangu siku hiyo kila ukurasa aliuchapa kwanza kwenye karatasi, akaweka kidole cha kushoto kwenye alama ya kufungua na cha kulia kwenye ya kufunga, akisema kwa sauti: “Fungua, funga.” Wasichana wa masjala walimwigiza. Sasa wote tunafanya hivyo.

Lakini habari ambayo wengi hapa hawaijui vizuri ni ya Oktoba 2005.

Mtandao wa kituo chetu cha Wasso ulikuwa wa kubahatisha, kwa hiyo wanafunzi wa huko walipelekewa kurasa za maswali kwenye CD, kwa basi. CD hizo zilitengenezwa na fundi wetu, Zablon, ambaye alikuwa mume wangu. Katika jaribio la Oktoba kulikuwa na swali hili: kijiji kina mbuzi 10³, na chupa moja ya chanjo inatosha mbuzi hamsini, zinahitajika chupa ngapi? Vituo vingine vyote vilijibu ishirini. Wasso, wanafunzi kumi na saba, wote walijibu tatu.

Kamati ya mitihani iliona jibu moja la makosa kwa watu kumi na saba, ikahukumu kuwa wameibiana majibu. Waliandikiwa barua kwamba hawataruhusiwa kufanya mtihani wa Novemba, na kozi yao ya miaka miwili ingeishia hapo. Wengine walinong'ona kwamba fundi ndiye aliyevujisha kitu. Mchana ule Zablon alirudi nyumbani, akakaa na kiatu kimoja mkononi, asile.

Mama Cresensia alikataa kuamini. Aliomba nakala ya CD ya Wasso, akauchapa ukurasa ule, na vidole vyote viwili, cha kushoto na cha kulia, vikakosa pa kukaa. Alama za kupandisha ile tatu hazikuwepo kabisa. Mbuzi elfu moja walionekana kuwa mia moja na tatu, na kwa mbuzi hao chupa tatu ndizo jibu sahihi. Ndipo akakumbuka: kosa hilo aliliona na kulirekebisha kwenye mtandao, lakini CD ilikuwa imeshapanda basi la alfajiri, naye hakumwambia mtu.

Barua ya kumpandisha cheo ilikuwa mezani kwa mkuu ikingoja sahihi. Angeweza kunyamaza. Badala yake alienda mbele ya kamati na karatasi mbili, akawaambia: “CD ni ya Zablon, kosa ni langu. Watoto wa watu wamejibu walichokiona.” Kisha akapanda basi kwenda Wasso, CD mpya ameifunga ndani ya kile kitambaa cheupe, akafika jua likizama, nywele zote nyekundu kwa vumbi. Aliwaomba radhi wote kumi na saba akiwa amesimama. Mwanafunzi aitwaye Tobiko akasema: “Mama, sisi mbuzi wetu tunawahesabu tu, hatuwapandishi ngazi.” Wakacheka wote.

Walifanya mtihani, na kumi na sita walifaulu. Tobiko leo ni ofisa mifugo. Cheo cha Mama kilichelewa miaka miwili. Alikuwa akisema: “Nilisahau kupandisha tatu, nao wakasahau kunipandisha mimi. Ngoma droo.”

Zablon aliiomba ile CD mbovu, akaitundika kwenye shamba letu la maharage ili ifukuze ndege. Alifariki Septemba iliyopita. Mama Cresensia ndiye aliyeandaa ratiba ya mazishi. Jina la Zablon aliliweka kwa herufi nzito, na kabla ya kutoa nakala za waombolezaji nilimwona akiweka kidole cha kushoto, kisha cha kulia. “Fungua, funga,” nilisema mimi, kimoyomoyo.

Asante, Mama, kwa kila ulichokifunga vizuri. Tunakuombea afya njema huko Rhotia, mvua za kutosha, wajukuu wengi na kiti cha kuegemea. Kompyuta yako tumeiachia kitambaa chake.

CD ile bado inang'aa shambani; ukiwa njiani kwenda sokoni utaiona upande wa kushoto. Ukiiona, umkumbuke Zablon, na sisi tuliobaki utukumbuke.

Ndeshi, Masjala