Mzee Soli na Askari wa Geti

Wasikilizaji wapendwa, leo naongea taratibu, maana hata mimi nimechoka. Tunamkumbuka fundi viatu wetu, mtaa mzima tulimwita Mzee Soli. Ametutoka wiki iliyopita. Ametutoka kesi yake haijasikilizwa.

Kesi ipi? Iko hivi. Askari wa manispaa walikuja kuvunja vibanda. Mzee alikuwa na kibali. Mmoja wao akamkanyaga mkono, ule wa kushikia sindano. Vidole havikukunjika tena. Akaenda kushtaki kwenye bodi ya raia, ile inayosikiliza malalamiko dhidi ya wafanyakazi wa manispaa. Hakutaka hela, jamani. Alitaka yule askari aseme mbele ya watu, "Ni mimi."

Sasa sikia vituko. Manispaa ikamhamisha yule askari. Ikampeleka wapi? Kulinda geti la bodi hiyo hiyo. Yaani Mzee Soli akienda kuulizia kesi, anafunguliwa na mshtakiwa wake.

Mkewe amenisimulia: "Yule kijana anamwambia, 'Shikamoo mzee. Leo tena umekuja kunishtaki?' Mume wangu anajibu, 'Marahaba. Fungua, jua kali.' Mwisho yule kijana akawa anampa na kiti."

Ndani, wimbo ule ule. Faili liko kwa bosi, bosi yuko kikaoni. Mzee alizunguka mpaka viatu vyake mwenyewe vikaisha soli, na mkono wa kuvishona hana.

Sasa bodi inasema mlalamikaji akifa, malalamiko yanafungwa, labda ajitokeze aliyekuwepo siku ile ya vibanda. Mama, mkewe, hakuwepo. Majirani walikimbia. Aliyebaki ni nani?

Msibani yule askari alikuja, akasimama nyuma kabisa. Mama akamfuata.

"Mama, mimi nilitumwa."

"Na kumkanyaga ulitumwa?"

Askari akataka kuondoka, Mama akamzuia.

"Usiniambie mimi, mwanangu. Mimi najua. Kawaambie hao unaowafungulia geti."

Hajaenda bado.

Mama, na watoto wote wa Mzee Soli, poleni sana. Sisi wengine tujiulize, ni mangapi tumeyaona tukanyamaza kwa uchovu tu? Na wewe kaka wa geti, najua redio yako huwa imewashwa, nilipita nikaisikia. Kutoka hapo ulipokaa mpaka chumba cha bodi ni hatua chache tu. Mzee alizitembea akiwa anaumwa.