Ugonjwa Hauambukizi

SAMIHA: Haloo? Nani mwenzangu?

HAULA: Mie, mdogo wako. Haula.

SAMIHA: Haula! Namba hii siijui.

HAULA: Ya shemeji yako Ossufo, yangu haina kredito. Shikamoo, dada. Mbona umechelewa kupokea?

SAMIHA: Marahaba. Vidole hivi, mdogo wangu. Leo nimebonyeza kwa kifundo. Habari za Palma? Mwali wetu hajambo?

HAULA: Yasmin hajambo. Dada, sikiliza —

SAMIHA: Liwa ya kumsugua ninayo, dalia ninayo. Jumatano napanda basi la chapa la asubuhi hapa Mute, kabla ya adhuhuri nipo kwenu. Singo ni siku tatu kamili, ngozi ya mwali haiharakishwi.

HAULA: Ndiyo hilo. Usije.

(Mtandao unakwaruza.)

SAMIHA: Haloo? Ulikatika. Umesema?

HAULA: Nimesema usije. Atamsugua mwengine.

SAMIHA: Mimi ndiye somo yake! Nimemfunda tangu avunje ungo —

HAULA: Kwa mikono gani, dada? Magamba yanadondoka mpaka kwenye sahani.

SAMIHA: Dotori Virgílio kasema mbele yako, ugonjwa huu wa ngozi na viungo hauambukizi.

HAULA: Nawe ukaenda kuutangaza! Dukani kwa Bi Mwanaharusi, mama wa bwana harusi, mbele ya wateja!

SAMIHA: Alinisukumia sukari yangu kwa mpini wa ufagio, asiniguse! Ninyamaze? Nikamwambia, huu si ukoma, mama, hauambukizi, ni wa ukoo —

HAULA: Umejisikia?

SAMIHA: Nini?

HAULA: Ukoo. Mie na wewe tumbo moja, na Yasmin mwanangu. Tangu siku ile mwanamke yule anaulizia mabibi na mababu zetu mpaka Olumbi.

SAMIHA: Mbona jirani yenu Bi Cadija vidole vimepinda kuliko vyangu? Binti yake kaolewa mpaka Mtwara, nani aliuliza ukoo?

HAULA: Wa Bi Cadija ni baridi yabisi. Ule uzee.

SAMIHA: Uzee! Umemwanza hana miaka arobaini. Yeye umemshika mikono yote miwili sawasawa, na damu ikipimwa unaonekana. Mie unanichagulia viungo. Kidole hiki kimevimba chote kama muhogo, cha pembeni kizima, kisigino nikikanyaga kinawaka. Wakapima damu, wasione kitu. Lakini kidonge tunameza kilekile, mara moja kwa wiki! Yeye akiingia anavutiwa kiti. Mie kikombe changu mmekitia alama.

HAULA: Yeye ngozi yake safi.

SAMIHA: Haya. Sema ulichonipigia.

HAULA: Tumewaambia wewe si wetu.

SAMIHA: Si wenu vipi?

HAULA: Wa kulelewa. Kwamba marehemu mama alikuokota kwa wakimbizi, vita vile vya zamani. Bi Mwanaharusi atakupigia. Usitukanushe.

SAMIHA: Mama alinizaa mimi kwanza, Haula. Wewe nimekubeba mgongoni.

HAULA: Najua.

SAMIHA: Na Yasmin? Kalikubali hilo?

HAULA: Ndiye aliyeleta wazo.

SAMIHA: Mpe simu.

HAULA: Hataki. Yupo hapa, anatikisa kichwa.

(Mtandao unakwaruza.)

SAMIHA: Haloo?

HAULA: Nipo. Utasema au husemi? Ijumaa ya pili ndiyo ndoa, dada. Wakirudi nyuma, nani atamchukua tena?

SAMIHA: Inaniuma, Haula. Kuliko vidole, kuliko kisigino. Nitasema. Akipiga nitamwambia mie wa kuokotwa. Lakini na nyinyi mnifanyie jambo moja. Kucha za Yasmin —

HAULA: Kucha gani?

SAMIHA: Usijitie hamnazo! Vile vitundu, kama zimechomwa sindano. Na mie nilianza hivyohivyo. Mpeleke Pemba, hospitali ya mkoa wetu, mwezi huu. Akianza dawa mapema, vidole vyake vitasalimika.

HAULA: Ukilitoa neno hilo kwa mtu —

SAMIHA: Nakwambia wewe, mama yake! Mficha maradhi kifo humuumbua.

HAULA: Hina itafunika. Akishaolewa atapelekwa na mumewe.

SAMIHA: Mumewe atauliza kautoa wapi. Si mmesema ukoo wenu safi? Atamjibu nini?





HAULA: Atamjibu umemwambukiza wewe. Watu wote wanajua ulikuwa ukimshikashika.

SAMIHA: Haula, mdogo wa —

HAULA: Kredito ya Ossufo inakwisha. Kwa heri, da... Kwa heri, Bi Samiha.

(Simu imekatika.)