Mama Hadubini na Chupa Yangu ya Maji

Kabla sijamsifu mtu, nijisifu kidogo. Mimi, dereva wa shule hii, nimezaliwa na bahati: miaka tisa sijaumwa tumbo hata siku moja, maji ya kisima nakunywa kama yalivyo. Tumbo langu ni chuma. Haya, tuje kwa mwenye siku yake.

Mwalimu wetu wa biolojia, Mama Hadubini, anastaafu tarehe thelathini Juni. Amefundisha miaka thelathini na mmoja katika maabara ileile, yenye bomba linalovuja na kabati lisilofunga mpaka ulipige teke.

Alipoanza, kila mwanafunzi alitaka udaktari. Akawa anawauliza: na huyo daktari, nani atampimia damu? Mbegu ikioza ardhini, nani atajua kwa nini? Leo mmoja wao anapima maji ya mji mzima, mwingine anatafiti mbegu, na wa tatu anafuga mbu maabarani, kazi ambayo mama mkwe wake bado anawaficha majirani.

Mwaka huu mambo yalibana. Mkuu wa shule alitamka wazi: wasipopatikana wanafunzi ishirini wa kuchagua biolojia, Mama akiondoka tu maabara inageuzwa stoo ya madawati. Waliojiandikisha walikuwa saba. Wengine walisema biolojia ya nini, majibu yote yako kwenye simu.

Mama hakugombana na mtu. Aliagiza kila mwanafunzi wa shule aje na chupa ya maji yanayonywewa kwao. “Simu inajua maji ya dunia nzima,” aliwaambia, “ila ya kwenu haijayaona.”

Siku hiyo foleni ya kuchungulia hadubini ilitoka nje mpaka kwenye gari langu. Maswali juu ya vijidudu waliowaona majini yakamiminika: huyu mkia wa nini, yule anakula nini, wakianikwa juani watakufa? Mama alijibu aliyoweza. Mengine alikiri hayajui, akasema anawaachia wao, ndiyo kazi yao ya kesho. Kufikia Ijumaa waliojiandikisha walikuwa ishirini na sita.

Maabara imebaki. Yule binti anayepima maji ya mji ameomba mwenyewe kuja kuishika.

Mwalimu, asante kwa macho uliyotupa. Tunakuombea magoti yasiyouma, wajukuu wenye maswali mengi, na asubuhi ndefu zisizo na kengele.

Sasa niseme ukweli, maana utanisuta mbele za watu. Tumbo la chuma ni uongo. Miaka tisa iliyopita nililazwa siku nne. Nilipotoka ukaichukua chupa yangu, ukaweka tone moja kwenye hadubini, ukaniita: “Dereva, njoo uwaamkie wapangaji wako.”

Bahati sina. Tangu siku ile nachemsha maji.