Nta ya Shangazi Haichemki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa alasiri, Shangazi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kupaka nta kodiani katika karakana yetu. Ni shangazi wa damu wa mtu mmoja tu hapa, naye ni bosi wetu, mtoto wa kaka yake. Sisi wengine tulijipachika undugu, na hakuna aliyewahi kutudai hati.

Kwa wageni wa sherehe ambao hawajawahi kuifungua kodiani: ndani yake mna vibao vya mti, na juu ya kila kibao zimepangwa ndimi nyembamba za chuma, kila jozi kwenye kibati chake. Hewa ikipita, ulimi hutikisika, nanyi mkasikia muziki. Kinachovishika vibati hivyo ni nta, si gundi wala misumari. Nta ikizeeka hupasuka, hewa huvuja, na kodiani huanza kukohoa. Hapo ndipo huletwa kwa Shangazi.

Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye sinia moja: sufuria ndogo inayokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto, sindano ya kushonea magunia ya kukwangulia nta kuukuu, mswaki mkavu, na kijiko cha shaba alichokibana mdomo kwa koleo hadi kikawa kinatoa nta nyembamba kama uzi. Mchanganyiko wake ni nta ya nyuki mafungu matatu, utomvu mkavu wa msonobari fungu moja, na matone machache ya mafuta ya kitani. Nta yake haichemki hata siku moja. Ikichemka, husema, imekufa, na maiti hashiki kitu. Hupima joto kwa kudondosha tone kwenye ukucha wa kidole gumba: likigeuka jeupe kabla hajahesabu nne, bado. Bosi aliwahi kumnunulia kipimajoto cha kioo. Alishukuru sana, na tangu siku hiyo anakitumia kukorogea chai.

Mtu asidhani alizaliwa anajua. Mwaka wake wa tatu, joto likiwa limeshaingia, alitengeneza kodiani ya kwaya moja kwa mchanganyiko uleule wa majira ya baridi, wenye utomvu haba. Mwalimu wa kwaya akaiacha ndani ya gari, juani, asubuhi nzima. Nta ililegea, vibati vikateleza vikalaliana, na wimbo wa kwanza ukaishia kwenye sauti moja ndefu isiyokoma. Wengine tungemtupia lawama mwenye gari. Shangazi alibeba sinia lake, akaenda kuomba radhi mbele ya kwaya nzima, akaitengeneza palepale kwenye chumba cha kubadilishia majoho huku waimbaji wa sauti ya tatu wakimkodolea macho. Tangu hapo huongeza utomvu msimu wa joto, na kila kodiani anayoifunga huibandikia ndani karatasi yenye mwandiko wake: Usiniache juani. Mwalimu yule hajaenda kwa fundi mwingine mpaka leo.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Hakuficha, alikwenda kwa bosi siku ileile. Bosi naye, kwa masikitiko, alitangaza kwamba asipopatikana mtu ambaye kibao chake Shangazi mwenyewe atakikubali, meza ya nta itafungwa siku atakapoondoka, na mahali pake patawekwa makabati. Wakati wa chai Shangazi alituambia, bila kupindisha maneno, kwamba kustaafu hakumtishi, ila hayo makabati yanamuumiza moyo.

Ndipo mimi, ninayeandika haya, nikajitokeza. Kazi yangu ni kusawazisha sauti, meza ya pili kutoka yake, na vidole vyangu ni vinene. Shangazi alivitazama kwa muda, akasema amewahi kuona ndizi nyembamba kuliko hivyo. Lakini mvumilivu hula mbivu, akaongeza, akanikabidhi sindano.

Kibao cha kwanza alikikwangua chote. Cha pili vilevile, cha tatu hakukimaliza kukitazama. Kosa langu lilikuwa moja, nami sikulijua: kila nilipomimina mstari wa nta nilikuwa naupuliza upoe haraka, kama mtu mwenye njaa anavyopuliza uji. Nta iliyopozwa kwa pumzi hupata nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Alinikamata kwenye kibao cha tano. Hakugomba. Alichukua njiti ya kiberiti, akaniambia niiume kwa meno kila ninapomimina, na kwa wiki tatu nilifanya kazi hivyo huku wenzangu wakiniuliza nangoja kuwasha nini.

Kibao cha nane alikiweka dirishani juani tangu asubuhi hadi saa kumi. Kesho yake akakifunga kwenye mvukuto wa majaribio, akafumba macho, akasikiliza ulimi mmoja mmoja. Bosi alisimama mlangoni na kalamu yake sikioni. Alipomaliza ulimi wa mwisho, Shangazi alimgeukia mtoto wa kaka yake akamwambia makabati yake akayatafutie ukuta mwingine. Tulipiga makofi. Shangazi alilia, wala hakujisumbua kusingizia moshi.

Kisha akaniita pembeni. Ulimi wa tisa, alisema, unavuja kidogo sana, na kibao chake mwenyewe cha kwanza kilivuja ndimi nne. Angeweza kuuziba kwa tone moja, lakini amekusudia kuuacha. Alitaka niuzibe mwenyewe siku ya Jumatatu, yeye akiwa nyumbani, nami nisiwe na wa kumuuliza.

Kwa niaba ya karakana, tunamshukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa utani uliotuponya siku nyingi mbaya. Tunamshukuru pia mumewe, dereva mstaafu wa lori, aliyetuazima mke kwa miaka yote hii, na ambaye tunasikia ameanza kuwa na hofu, kwa kuwa sasa atakaguliwa yeye.

Nisamehe, Shangazi, nimeshindwa kuingoja Jumatatu. Leo asubuhi nimewahi kabla hujafika, nikapasha nta, nikauziba ulimi wa tisa bila kumuuliza mtu. Umeshika. Nenda nyumbani bila wasiwasi, na maisha ya huko yakuendee vyema.