Irja Kuosmanen na Kona ya Katikati ya Ziwa

Tarehe 31 Machi, Irja Kuosmanen, Msimamizi wa Barabara na Vivuko wa Manispaa ya Kolmisalmi, anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita. Miaka kumi na saba ya mwanzo aliitumikia Raatalahti, manispaa ndogo ambayo siku hizi haipo. Kumi na tisa iliyobaki ameitumikia manispaa hii yetu, ambayo kwa maoni yangu isingekuwepo bila yeye. Najua akisoma sentensi hiyo atakunja uso. Avumilie, maana leo hana mamlaka juu yetu.

Irja ni mzaliwa wa Havusaari, kisiwani. Baba yake, Urho Kuosmanen, ndiye aliyekuwa akifungua barabara ya barafu ya kisiwa, ile inayopita juu ya ziwa lililoganda, kila majira ya baridi, tangu kabla binti huyu hajazaliwa. Irja alipoomba kazi ya kuendesha trekta la kuondoa theluji Raatalahti, baba yake alimwambia, "Wale wa ng'ambo barafu hawaijui. Wanajua kuizungumza tu." Irja akavuka, akaanza kazi. Wiki ya pili alilifukia gari la mwenyekiti wa Raatalahti kwa theluji mbele ya ofisi, na mwenyekiti akapiga simu polisi akidhani limeibiwa. Hakufukuzwa. Inasemekana mwenyekiti alipenda jinsi alivyolifukua mwenyewe kwa koleo bila kuomba radhi wala kutoa visingizio.

Waliofanya kazi chini yake wanazijua sheria zake. Hakuna mabishano kabla ya kahawa. Hakuna kupita juu ya barafu ambayo hujaitoboa mwenyewe kwa keekee ukaona unene wake. Na anayesema "nadhani inabeba" anarudishwa kufagia karakana. Toivo, dereva wetu wa greda, aliifagia karakana hiyo majira mazima ya baridi yake ya kwanza, na hadi leo neno "nadhani" halimtoki mdomoni, hata akiulizwa kama amemwoa mwanamke aliyempenda.

Halafu ulikuja muungano. Raatalahti, Kuikkaniemi na Havusaari zilifanywa manispaa moja, Kolmisalmi, na kila mmoja akanung'unika kwa namna yake. Raatalahti walinung'unikia jina, Kuikkaniemi walinung'unikia ofisi kuhamia Raatalahti, na Havusaari, ambao ni wachache kuliko wote, walinung'unikia kila kitu. Kisiwa kilikubali kuingia kwa sharti moja: kupewa majira mawili ya baridi ya majaribio, kisha wapige kura ya kubaki au kujiondoa. Na walichotaka kukiona katika majira hayo mawili ni barabara moja ya barafu inayounganisha vijiji vyote vitatu, na wao wamo.

Irja alikabidhiwa barabara hiyo. Kwa kuwa mkataba wa muungano ulisema hakuna atakayepoteza kazi yake, vikosi vyote vitatu vya zamani viliendelea, kila kimoja kikianzia ufukwe wake. Hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo sidhani kama kuna watu wengine duniani wangeweza kulifanya. Sisi watu wa ziwa hili tunasimika miche ya misonobari kwenye barafu kuonyesha njia, na anayesimika huenda huku kanisa la kijiji chake likiwa mgongoni kwake. Ukigeuka ukakuta mnara wake umekwenda kushoto au kulia, umepotea. Ndivyo walivyofanya babu zetu, na hakuna kikosi kilichokubali kupinda na kuliacha kanisa lake litoke mgongoni. Basi kila kikosi kikaja kimenyooka kama uzi. Asubuhi ya ufunguzi tukakuta barabara tatu safi kabisa zimepishana katikati ya ziwa bila kukutana, na kati yake pembetatu kubwa ya theluji ambayo haikuguswa na mtu. Lori la maziwa kutoka Kuikkaniemi lilikuwa la kwanza kupita. Lilikwenda mpaka mwisho wa njia, likasimama, likarudi na maziwa yake.

Gazeti la mji jirani lilichapisha picha iliyopigwa kutoka angani. Tulichekwa mpaka Pasaka. Raatalahti na Kuikkaniemi walikuwa wengi, wakakaa upesi wakakunja njia zao kidogo, zikakutana. Kisha wakasema, mbele ya watu, kwamba njia ya Havusaari ndiyo iliyoharibu, na kisiwa kitapewa kijia cha pembeni. Kesho yake mchana kweupe Urho Kuosmanen akatoka na sleji yake ya kuburuta barafuni, akang'oa miche yake mmoja mmoja na kuirudisha kisiwani. Aliifanya kuni za sauna, bafu lake la mvuke. Alipoulizwa alijibu kwa utulivu tu: "Imewaka vizuri."

Majira yote yale hakusema na binti yake. Irja alikuwa mtu wa manispaa, na manispaa ilikuwa imemdharau mzee mbele ya watu. Kisiwani hakukuwa na mtu aliyekanyaga barafu ambayo Urho hajaikanyaga, kwa hiyo hata kijia cha pembeni kilibaki kitupu. Watoto wa shule walivuka kwa njia ya zamani ya Urho, iliyozunguka kupitia wilaya ya jirani. Kila mtu alijua kura ya kisiwa ingekwenda wapi. Havusaari wakitoka, Kuikkaniemi nao walishasema hawatabaki peke yao na Raatalahti.

Majira ya pili ya baridi barafu ilishika mapema. Irja alisimamia njia kutoka Raatalahti na Kuikkaniemi hadi mahali alipopachagua mwenyewe katikati ya ziwa, akahakikisha zimekutana, kisha akasimamisha kazi. Upande wa Havusaari aliuacha mweupe vilevile. Hakutuma trekta, wala hakusimika hata mche mmoja. Mwenyekiti wetu wa wakati ule, Kauko Piiroinen, alimpigia simu mbele yangu, kipaza sauti kikiwa wazi.

"Irja, mbona umesimama? Imebaki kilomita mbili tu."

"Imebaki ndiyo."

"Basi zimalize."

"Si zangu, Kauko. Zina mwenyewe."

"Mwenyewe gani? Yule mzee amesusa. Mama, kura iko mlangoni. Halmashauri inakutana Alhamisi, na nakwambia kabisa, jina lako liko kwenye ajenda."

"Liandikwe vizuri basi. Kuosmanen, kwa herufi s moja, si mbili."

Irja akakata simu. Piiroinen alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Siku zilizofuata Irja alikwenda kila asubuhi mwisho wa ile njia, akatoboa tundu, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuvua sangara. Pembeni aliweka chupa ya chai iliyojaa kahawa, mkate wa iliki umefungwa kwa kitambaa, na vikombe viwili. Ziwani kuna uwazi. Kutoka kisiwani wanamwona, naye anajua wanamwona. Hakupunga mkono wala hakutuma ujumbe. Watu wa Raatalahti walisema amerukwa na akili. Mimi niliogopa kweli, maana nilijua hana cha kujitetea nacho Alhamisi, na nilijua vilevile kwamba hakuwa akimfanyia baba yake kiburi. Alikuwa akimwachia mahali pake.

Jumatano nilimpelekea nyama ya moshi, nikakaa naye kidogo. Ndipo tulipoona kitu kinasogea upande wa kisiwa. Alikuwa Urho na sleji yake imejaa miche, nyuma yake kikosi chake chote. Alikuja akitoboa, akipima, akisimika. Kanisa la Havusaari lilikuwa mgongoni kwake, limenyooka, mpaka alipofika karibu nusu ya njia. Hapo akasimama muda mrefu. Akageuza kichwa akautazama mnara, kisha akatutazama sisi, akapinda. Aliliacha kanisa likatoka mgongoni kwake na kuja moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya binti yake. Akasimika mche wa mwisho, akaukanyagia theluji kwa kiatu.

"Samaki wameuma?" akauliza.

"Wadogo wadogo."

"Hapa hapana sangara. Ulijua hapana."

"Nilijua, baba."

Mzee akaketi juu ya sleji. "Mimina hiyo kahawa kabla haijawa barafu na yenyewe."

Nilisimama nikajifanya natazama upande wa Kuikkaniemi. Baridi ile ilitutoa machozi sote, na sote tukakubaliana kuwa ni baridi.

Alhamisi jina la Irja liliondolewa kwenye ajenda bila mjadala. Kwenye mkutano wa kura kule kisiwani, Urho alisimama mara moja tu, akasema, "Barabara ipo. Nimeipita mwenyewe," akaketi. Havusaari wakabaki. Tangu hapo vikosi vyote vitatu vinapinda kila mwaka kufikia pale pale, na barabara yetu ina kona katikati ya ziwa tambarare, mahali ambapo hakuna jiwe wala kisiwa cha kuikwepa. Wageni huuliza kona ile ni ya nini. Tunawaambia ni ya kukutana.

Mengine aliyoyafanya yako kwenye kumbukumbu za ofisi: kivuko kipya, daraja la Kuikkaniemi, na majira kumi na tisa ya baridi bila gari hata moja kuzama. Tunamshukuru kwa hayo yote, na Toivo ameomba niseme anamshukuru hata kwa ule ufagio. Mzee Urho alifariki miaka sita iliyopita, na Irja anarudi kuishi katika nyumba ya baba yake kule kisiwani.

Irja, mimi ni mtu wa Raatalahti na nasema kwa niaba ya wale waliosema umerukwa na akili. Tulikuwa vijiji vitatu vyenye jina moja, ukatufanya watu wamoja kwa kukaa kimya juu ya ndoo na kuhatarisha kazi yako. Asante, kwa moyo wote. Uishi vizuri huko nyumbani, kwa afya na utulivu. Umetungoja vya kutosha. Kuanzia sasa, tukikuhitaji, ni sisi tutakaopinda njia hadi mlangoni kwako.